Vyuma vya kinga ya ubavuni

Vyuma vya kinga ya ubavuni (huitwa pia vyuma vya mlangoni) ni mabomba ya feleji yanayowekwa katika ubavu wa gari la mbio ili kumlinda dereva gari linapogongwa kwa upande au linapoteleza na kupiga ukuta kwa ubavu. Kwa kawaida huunganisha tao kuu, yaani bomba lililopindwa linalosimama nyuma ya kiti cha dereva, na tao au nguzo ya mbele iliyo karibu na miguu yake. Pamoja na matao hayo vyuma hivi huwa sehemu ya kizimba cha usalama.

Katika magari yanayotoka kiwandani tayari, kinga ya ubavuni hupangwa na wahandisi wa kampuni. Katika gari la kujiundia, yaani gari linalouzwa kama fungu la vipuri ili mnunuzi aliunganishe mwenyewe, jukumu hilo mara nyingi humwangukia mwenye gari na fundi wake wa kuchomelea. Ubora wa kinga hutegemea mambo matatu: umbo la vyuma, aina ya bomba, na uimara wa viungo vinavyoshikilia ncha zake.

Udhaifu wa ubavu

Gari linapogongwa kwa mbele, kati ya dereva na kitu kilichogongwa kuna bampa, fremu, injini na magurudumu. Sehemu hizo hujikunja na kumeza nishati kabla mgongano haujamfikia mtu. Ubavuni hakuna nafasi ya namna hiyo. Katika magari mengi umbali kati ya bega la dereva na uso wa nje wa mlango ni wa sentimita 20 au 30 tu. Katika magari madogo ya wazi yaliyofuata umbo la Lotus Seven, kiwiko cha dereva huweza hata kutokeza nje ya bodi.

Umuhimu wa nafasi huonekana kwa hesabu rahisi. Chukua gari lenye uzito wa kilogramu 600 pamoja na dereva, likiteleza kwa ubavu kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, hadi kupiga ukuta. Nishati yake ya mwendo ni jouli 30,000. Likisimama ndani ya sentimita 10, nguvu ya wastani ni kilonewtoni 300, na kila kitu ndani yake hupunguzwa mwendo kwa kiasi cha mara 51 ya mvutano wa dunia. Likisimama ndani ya sentimita 30, nguvu hushuka hadi kilonewtoni 100 na kiasi hicho kuwa mara 17. Kwa hiyo kinga nzuri ya ubavuni haikusudiwi kuwa ngumu tu. Inatakiwa izuie kitu kisiingie mahali pa dereva, na wakati huohuo iache nafasi ya kujikunja kati ya bodi na mwili wake.

Historia

Wazo la kuimarisha ubavu wa gari lilienea katika magari ya barabarani mwishoni mwa miaka ya 1960. General Motors ya Marekani ilianza kuweka mihimili ya feleji ndani ya milango ya baadhi ya magari yake mwaka 1969. Kanuni ya serikali ya Marekani kuhusu uimara wa milango ilianza kutumika kwa magari madogo tarehe 1 Januari 1973. Mwaka 1991 Volvo ya Uswidi ilitangaza mfumo wake wa kinga ya ubavuni, ambao ulipeleka nguvu ya mgongano kutoka mlangoni kwenda kwenye sakafu, nguzo na paa.

Katika mbio za magari kinga ilikua pamoja na kizimba cha usalama. Vizimba vya mwanzo vilikuwa na lengo la kumlinda dereva gari linapopinduka, na ubavu uliachwa wazi au ulipewa bomba moja tu. Baadaye mabomba yaliongezwa. Katika magari ya NASCAR ya Marekani, ambayo hukimbia bega kwa bega katika viwanja vya mviringo, upande wa dereva hupewa mabomba kadhaa yaliyopangwa moja juu ya jingine na kupindwa kuelekea nje. Katika Formula 1, ambako mwili wa gari ni wa nyuzi za kaboni, mabomba ya feleji hayatumiki kwa kazi hii. Tangu mwaka 2014 magari hayo hutumia miundo maalumu ya ubavuni iliyosanifiwa kwa namna moja kwa timu zote.

Magari ya kujiundia

Gari linalojulikana zaidi katika aina hii ni Lotus Seven, lililoletwa na Colin Chapman wa Uingereza mwaka 1957. Liliuzwa pia kama vipuri kwa sababu wakati huo vipuri vya gari visivyounganishwa havikutozwa kodi ya ununuzi iliyotozwa magari kamili. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuliunda, na inaendelea kuuza magari ya umbo hilo hadi leo.

Mwaka 1996 Mwingereza Ron Champion alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi ya kujitengenezea gari la namna hiyo kwa gharama ndogo, kwa kutumia mabomba ya mraba na vipuri vya gari kuukuu. Magari yaliyotokana na kitabu hicho huitwa Locost, na yamepata mashindano yake chini ya 750 Motor Club, chama cha mbio kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1939. Huko Marekani, kampuni ya Factory Five Racing, iliyoanzishwa mwaka 1995 katika jimbo la Massachusetts, huuza vipuri vya magari yanayofanana na Cobra ya Carroll Shelby.

Magari hayo yana tabia zinazogusa moja kwa moja kinga ya ubavuni:

* Bodi yake ni ya faibaglasi au ya bati jembamba la alumini. Bodi ya namna hiyo hukata upepo na kupendeza macho, lakini haizuii mgongano. Faibaglasi hupasuka vipande, na alumini nyembamba hukunjamana.
* Mlango, kama upo, ni mfupi na mwepesi, na hauna mhimili ndani yake.
* Uzito wa gari ni mdogo. Likigongwa na gari zito zaidi, ndilo linalosukumwa na kubadilishiwa mwendo kwa kiasi kikubwa.
* Fremu imesanifiwa hasa kubeba injini, magurudumu na mizigo ya kona. Mabomba ya ubavuni mara nyingi ni membamba.

Katika Locost, kwa mfano, sehemu kubwa ya fremu ni ya mabomba ya mraba ya milimita 25 yenye unene wa milimita 1.6. Bomba la duara la milimita 38 lenye unene wa milimita 2.5, linalotumika sana katika vizimba, lina ukinzani wa kupindika unaozidi mara tatu ule wa bomba hilo la mraba.

Namna vyuma vinavyofanya kazi

Watu wengi hudhani kwamba bomba la mlangoni hufanya kazi kama komeo la mlango: limekaa katikati, na kinacholigonga hukwama. Hesabu inaonyesha kwamba sivyo. Bomba lililonyooka la milimita 38 kwa 2.5, lenye urefu wa mita 1.1 na ncha zilizoegemezwa tu bila kushikwa, huanza kupindika moja kwa moja likisukumwa katikati kwa nguvu ya kilonewtoni 2.5 hivi, ikiwa feleji yake inaanza kulegea kwenye mkazo wa newtoni 300 kwa milimita ya mraba. Hiyo ni sawa na uzito wa watu watatu au wanne. Ni kidogo sana ukilinganisha na makumi ya kilonewtoni za mgongano.

Hali hubadilika ncha zikishikwa barabara. Bomba likianza kukunjwa kuelekea ndani, linatakiwa lirefuke, na viungo vya ncha huzuia lisivute kuja katikati. Kuanzia hapo bomba hufanya kazi kama kamba iliyokazwa. Bomba lilelile lililolegea kwa kilonewtoni 2.5 linaweza kustahimili mvuto wa kilonewtoni 84 hivi kwa urefu wake. Nguvu hiyo huhamishwa kwenda kwenye tao kuu, tao la mbele, na hatimaye fremu nzima.

Hapa ndipo umuhimu wa uchomeleaji unapotokea. Thamani ya bomba zito haizidi thamani ya kiungo chake kilicho dhaifu. Mshono ukikatika, bomba huacha kuwa kamba na kuwa mkuki: ncha iliyokatika inaweza kuelekea mahali alipo dereva. Vivyo hivyo, bomba imara lililochomelewa kwenye bati jembamba la bodi litachana bati hilo na kutoka nalo.

Njia ya pili ya kuongeza uimara ni kufupisha urefu usioegemezwa. Nguzo fupi inayounganisha katikati ya bomba na kizingiti cha mlango hupunguza urefu huo kwa nusu, na nguvu inayohitajika kulipinda kila kipande huongezeka maradufu. Nguzo hiyo nayo inatakiwa isimame juu ya sehemu ya fremu inayoweza kubeba mzigo.

Miundo

Miundo inayotumika zaidi ni minne:

* Bomba moja la mshazari au la usawa. Ni jepesi na rahisi kuweka, nalo humwachia dereva nafasi ya kutoka. Kinga yake ni ndogo.
* Mabomba mawili sambamba. Moja hupita usawa wa nyonga na jingine juu yake, mara nyingi yakiunganishwa kwa nguzo fupi za wima.
* Mabomba yanayokatiza kwa umbo la herufi X. Huimarisha pia fremu isijisokote. Bomba moja linatakiwa liwe zima kutoka ncha hadi ncha, na la pili likatwe katikati na kuchomelewa kwenye lile zima. Makutano huongezewa vipande vya pembetatu vya bati ili kuimarisha kona.
* Mabomba yaliyopindwa kuelekea nje. Huingia ndani ya nafasi ya mlango hadi karibu na ngozi ya nje, na hivyo kumwongezea dereva sentimita kadhaa za nafasi. Kabla ya kukunjwa hufanya kazi kama tao la daraja, kwa kusukuma ncha zake kuelekea nje. Kwa sababu hiyo huhitaji matao ya mbele na nyuma yaliyo imara sana.

Katika magari ya kujiundia yenye milango ya faibaglasi, muundo wa nne mara nyingi hulazimu kukata sehemu ya ndani ya mlango. Katika magari yasiyo na milango, mabomba hupita juu ya ubavu wa bodi na dereva huingia kwa kuvuka juu yake.

Uzito wa vyuma ni mdogo kuliko inavyodhaniwa. Bomba la milimita 38 kwa 2.5 lina uzito wa kilogramu 2.2 hivi kwa kila mita. Mabomba mawili ya mita 1.1 kila upande huongeza chini ya kilogramu 10 kwa gari zima, tena chini, ambapo hazidhuru sana uwiano wa gari.

Aina za mabomba

Bomba linalofaa ni la feleji ya kaboni kidogo lililovutwa likiwa baridi na lisilo na mshono wa urefu. Feleji hii huchomeleka kwa urahisi na hujikunja sana kabla ya kukatika, tabia inayotakiwa katika mgongano. Marekani hutumika pia bomba lenye mshono uliochomelewa kiwandani kisha likavutwa upya juu ya kiini, ambalo ukuta wake huwa na unene ulio sawa pande zote.

Kromoli ni feleji iliyochanganywa na kromi na molibdeni. Ina nguvu zaidi, hivyo pale kanuni zinaporuhusu, bomba linaweza kuwa jembamba kidogo na jepesi. Hata hivyo inahitaji uangalifu zaidi. Ikipoa haraka baada ya kuchomelewa, eneo lililo kando ya mshono huwa gumu na huweza kuvunjika kama kauri. Kwa hiyo haimwagiwi maji wala kupulizwa hewa. Huachwa ipoe yenyewe mahali pasipo upepo. Shirika la mbio za kasi za NHRA la Marekani hukubali kromoli iliyochomelewa kwa njia ya TIG pekee.

Mabomba ya maji, mabomba ya samani na mabomba ya uzio hayafai. Ukuta wake na nguvu zake havijathibitishwa kwa kazi hii, na mengi yamepakwa zinki. Bomba la alumini halitumiki kwa vyuma vya kizimba cha magari haya, kwa kuwa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kando ya mshono.

Kanuni

Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) huweka masharti ya vizimba katika Kiambatisho J cha kanuni zake. Baadhi ya masharti ya kizimba cha feleji ya kaboni ni haya:

* Feleji iwe na nguvu ya mvuto isiyopungua newtoni 350 kwa milimita ya mraba.
* Tao kuu liwe la bomba la milimita 45 kwa 2.5, au 50 kwa 2.0, kwa uchache.
* Vyuma vya mlangoni na sehemu nyingine nyingi ziwe za milimita 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0, kwa uchache.
* Bomba lipindwe likiwa baridi, na nusu kipenyo cha mpindo kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba.
* Mshono uzunguke bomba lote na upenye kabisa, na inapendekezwa utumie tao la umeme linalokingwa na gesi.
* Vyuma vya mlangoni viwekwe juu kadiri iwezekanavyo, lakini sehemu vinaposhikizwa juu isizidi nusu ya kimo cha uwazi wa mlango.

Sharti la mwisho huonyesha mvutano uliopo katika kazi hii. Chuma kikiwa chini sana, gari jingine hupanda juu yake na kumfikia dereva kifuani. Kikiwa juu sana, dereva hawezi kutoka haraka gari likiwaka moto, na waokoaji hawawezi kumtoa mtu aliyeumia mgongo bila kumkunja.

Vyama vya kitaifa na mashindano ya aina moja ya gari huwa na kanuni zake, ambazo huweza kutofautiana na hizo. Kizimba kilichothibitishwa rasmi na kiwanda hakiruhusiwi kuongezewa bomba na fundi mwingine, kwa kuwa badiliko lolote la kudumu hufuta uthibitisho wake. Kwa sababu hiyo kanuni za mashindano husomwa, na mkaguzi wa ufundi huulizwa, kabla ya bomba la kwanza kukatwa.

Kazi ya kuchomelea

Maandalizi. Bodi, viti, mazulia na nyaya zilizo karibu huondolewa. Faibaglasi huungua na kutoa moshi wenye sumu hata inapokuwa mbali kidogo na mshono, kwa kuwa joto husafiri katika feleji. Tangi la mafuta na mirija yake hutolewa nje ya gari, si kufunikwa tu. Betri hutenganishwa na kompyuta ya injini hufunguliwa. Rangi, kutu na zinki hukwanguliwa hadi feleji ing'ae sentimita chache kila upande wa kiungo, na mafuta hufutwa. Sehemu ya fremu inayopokea bomba hukaguliwa: ikiwa ni ya ukuta mwembamba, huongezewa bati la kueneza mzigo.

Kupima. Dereva hukaa katika kiti chake halisi akiwa amevaa kofia ya chuma na mikanda. Hapo ndipo huonekana kama bomba litagusa kiwiko, litazuia mkono usizungushe usukani au gia, au litamzuia kutoka. Bomba lililopangwa kwa kuangalia gari tupu mara nyingi hulazimika kukatwa tena.

Kukata. Ncha ya bomba hukatwa kwa umbo la mwezi mchanga ili ikumbatie bomba inaloungana nalo. Hutumika mashine yenye msumeno wa duara, au grenda na tupa. Pengo linatakiwa lisizidi milimita 1 hivi. Pengo kubwa likijazwa kwa waya, mshono huonekana mnene lakini huwa dhaifu, na hujivuta zaidi unapopoa.

Kushikiza. Mabomba yote hushikizwa kwa vidoa vitatu au vinne kila kiungo kabla ya mshono wowote kukamilishwa. Kisha vipimo hurudiwa, hasa vya mishazari ya uwazi wa mlango. Fremu ya gari la kujiundia ni nyepesi na huvutwa kwa urahisi. Ikisogea milimita chache, mlango wa faibaglasi haufungi tena. Gari huwekwa juu ya vitegemeo vilivyo sawa, na mafundi wengi hufunga pia vyuma vya muda katika uwazi wa mlango ili kuzuia usijipinde.

Kuchomelea. Njia mbili ndizo zinazotumika. Katika MIG, mashine husukuma waya mfululizo huku gesi, kwa kawaida mchanganyiko wa arigoni na dioksidi ya kaboni, ikikinga feleji iliyoyeyuka. Ni ya haraka, lakini fundi asiye mzoefu huweza kupata mshono unaopendeza juu bila kupenya chini. Katika TIG, tao la umeme hutoka kwenye ncha ya wolframi, gesi huwa arigoni tupu, na fundi huongeza waya kwa mkono wa pili. Ni ya polepole, nayo humpa fundi uwezo mkubwa wa kudhibiti joto. Kabla ya kugusa gari, vipande vya majaribio vya bomba lilelile huchomelewa, hukatwa katikati na kuangaliwa kama mshono umepenya.

Mishono hupigwa kwa kupokezana: kipande kifupi upande mmoja wa gari, kisha upande wa pili, ili joto lisirundikane. Sehemu ngumu zaidi ni nyuma ya bomba, mahali ambapo mkono na jicho havifiki vizuri. Fundi aliyepanga mambo huchomelea viungo vya chini kabla ya kuongeza mabomba ya juu yatakayoviziba. Mshono ulioishia robo tatu ya mzunguko huanza kuchanika palepale ulipoishia.

Ukaguzi. Mshono huangaliwa kama una nyufa, vitundu, au mfereji uliolika pembeni mwake. Nyufa ndogo hutafutwa kwa rangi ya kupenya: rangi hupakwa, hufutwa, kisha unga mweupe hupulizwa juu yake, na ufa hujitokeza kama mstari. Mshono haukatwi kwa grenda ili uwe laini, kwa sababu kufanya hivyo hupunguza unene wake na kuficha kasoro. Mwishoni feleji hupakwa rangi, na mahali mwili wa dereva unapoweza kufika hufunikwa kwa sponji ngumu maalumu ya vizimba. Sponji laini ya magodoro haifai, kwa kuwa hubanwa yote mara moja na pia huwaka kwa urahisi.

Hatari kwa fundi

Mwanga wa tao huunguza macho na ngozi, na ndani ya gari huakisiwa na alumini kutoka pande zote. Mvuke wa zinki husababisha homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baada ya kazi. Arigoni ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini katika nafasi finyu, ikisukuma oksijeni nje bila kutoa harufu.

Hatari isiyojulikana na wengi hutoka kwenye dawa za kusafishia breki. Baadhi yake zina misombo ya klorini. Mabaki yake yakikutana na joto na mwanga wa tao la umeme yanaweza kutoa fosjini, gesi ya sumu iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Dalili zake kwenye mapafu huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kwa hiyo feleji husafishwa kwa asetoni au kwa kitu kingine kisicho na klorini, na huachwa ikauke kabisa kabla ya kuchomelewa.

Kizimia moto huwekwa karibu, na mtu wa pili huangalia upande asiouona fundi. Moto mwingi wa karakana huanza kwa cheche iliyojificha na kuonekana baada ya kazi kumalizika, hivyo gari haliachwi peke yake mara moja.

Mipaka ya kinga

Vyuma vya ubavuni huzuia kitu kisiingie, lakini havizuii mwili wa dereva usisogee. Gari linaposukumwa kwa upande, kichwa chenye kofia hubaki nyuma na shingo hubeba mzigo wote. Kazi ya kuzuia hilo ni ya kiti chenye mabawa ya mabega na ya kichwa, mikanda ya nukta tano au sita, na kifaa cha kushikilia kichwa. Kiti kilichofungwa kwenye sakafu nyembamba hung'oka na kumpeleka dereva kwenye vyuma vilevile vilivyokusudiwa kumlinda.

Kizimba kinachofaa mbioni huweza kuwa hatari barabarani. Dereva asiyevaa kofia, akiwa na mkanda wa kawaida unaoacha mwili usogee, anaweza kugonga kichwa kwenye bomba katika ajali ambayo bila kizimba ingemwacha na michubuko tu.

Baada ya mgongano mkubwa, bomba lililopindika halinyooshwi. Feleji yake imekwisha kutumia sehemu ya uwezo wake wa kujikunja, na viungo vya jirani huenda vina nyufa. Hukatwa na kubadilishwa.

Afrika ya Mashariki

Katika eneo hili vyuma vya mlangoni hujulikana zaidi kupitia magari ya rali. Rali ya Safari ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 2021 ilirudi katika Mashindano ya Dunia ya Rali ikifanyika Kenya. Magari yanayoshiriki daraja hilo hutakiwa kuwa na vizimba vinavyofuata kanuni za FIA.

Katika karakana nyingi za mitaani uchomeleaji wa kawaida ni ule wa vijiti vilivyopakwa dawa. Njia hiyo inafaa kwa mageti, madirisha na matrela. Kwa mabomba membamba ya kizimba ina matatizo: huacha masizi magumu ambayo huweza kunaswa ndani ya mshono, na huhitaji kuanza upya kila kijiti kinapokwisha, hasa kwenye bomba la duara. Ndiyo sababu kanuni hupendelea tao linalokingwa na gesi. Fundi hodari wa vijiti huweza kujifunza MIG au TIG, lakini uzoefu wa njia moja hauhesabiwi kuwa uthibitisho wa nyingine.

Tazama pia

* Feleji
* Lotus Seven
* Mbio za magari
* Rali ya Safari